Timu haijachemsha bado, gari limeshachemsha Maili Moja

SIKU ya dabi ya Kariakoo, Barabara ya Morogoro nayo huvaa jezi. Kuanzia asubuhi ni nyekundu na nyeupe huku, kijani na njano kule. Coaster, Noah, Spacio na magari mengine ya kila aina yanatoka Morogoro, Dodoma, Iringa mpaka Mbeya, bendera nje, mavuvuzela dirishani, wote safari moja: Kwa Mkapa.

Sio wote wanaofika kwa wakati.

Pale Maili Moja, Kibaha, zikiwa zimebaki kama kilomita 40 kuingia katikati ya Dar es Salaam, ndipo safari za wengi zinapoishia kwa muda. Boneti iko juu, mvuke unatoka, jezi mpya zimekaa kivulini zinamwangalia fundi kama wachezaji wa akiba wanavyomwangalia kocha timu ikiwa nyuma kwa bao moja. Mtani aliyewapita njiani anapiga honi na kupunga mkono. Hiyo nayo inauma.

Kwa lugha ya mtaani, timu ikicheza ovyo imechemsha. Gari nalo injini ikizidi joto, limechemsha. Neno ni moja na kosa la watu ni lile lile kwa yote mawili: kutafuta wa kufukuzwa kabla ya kujua tatizo liko wapi. Timu ikifungwa mechi mbili, kocha aondoke. Gari likichemsha mara mbili, rejeta ibadilishwe. Wapo walionunua rejeta, wakanunua pampu ya maji, wakaitupa themostati, na gari likaendelea kuchemsha vile vile. Mwisho wa siku tatizo likaonekana kwenye kidude kidogo kinachokaa kwenye boksi la fyuzi.

SWALI LINALOPITA SPANA

Chukua Spacio iliyotoka Morogoro asubuhi na watu saba ndani. Mpira ni saa 11 jioni. Chalinze wamepita freshi. Kutoka hapo barabara ni ile ya kupishana, malori yanayokwenda na kutoka Zambia na Congo yamejaa, na kufika Mlandizi foleni imesimama. Gari linasogea hatua kumi, linatulia. Kiyoyozi kiko mwisho maana jua la Pwani si la mchezo. Mshale wa temperecha unaanza kupanda. Foleni ikiachia, mshale unarudi katikati. Dereva anajipa moyo. Maili Moja foleni nyingine, mshale unagusa juu, mvuke unatoka kwenye boneti.

Fundi anayeijua kazi yake haanzi na spana. Anaanza na swali: linachemsha likiwa limesimama au likiwa linakimbia?

Hapo watu wote saba wanajibu kwa pamoja, kila mtu na uchambuzi wake. Bosi, mwacheni dereva ajibu.

Jibu la dereva ndilo nusu ya matibabu. Injini ya petroli huchoma mafuta na kutoa joto jingi kuliko nguvu inayofika kwenye matairi. Kwa makadirio yanayotumika sana, karibu theluthi ya nguvu ya mafuta huishia kwenye maji yanayozunguka injini. Maji hayo hupelekwa kwenye rejeta, upepo ukapita katikati ya mapezi yake, yakapoa, yakarudi kazini. Gari likiwa kwenye mwendo, upepo unaingia wenyewe kwa mbele na feni haina kazi kubwa. Likisimama, upepo wote unategemea feni.

Kwa hiyo gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa likikimbia, mtuhumiwa wa kwanza ni feni na kila kinachoiamuru. Linalotulia kwenye foleni lakini likapandisha joto kwenye mwendo mkali au mlima, feni mara nyingi haihusiki. Hapo maji hayapiti vya kutosha, au rejeta imeziba, au hosipaipu inajikunja ndani. Na linalochemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi, likiwa na maji yake yote, lina kesi nyingine kabisa, na kesi hiyo ni nzito.

Dereva wa Spacio, akibanwa kidogo, anakumbuka kitu cha ziada: kule Mlandizi kiyoyozi kilianza kutoa upepo wa moto, gari likitembea kinarudisha baridi. Alidhani gesi imeisha. Kwa fundi huo ni ushahidi wa pili unaoonyesha kidole upande ule ule, kwa sababu kiyoyozi nacho kinahitaji feni ile ile ipulize pale mbele gari likisimama.

BENDERA NAYO IMO

Kabla hata ya kugusa feni, kuna kitu mbele ya gari ambacho siku za kawaida hakipo. Bendera ya klabu, kubwa, imekazwa kwa kamba kwenye grili kutoka taa hadi taa. Inapendeza kwenye picha. Lakini pale ndipo mdomo wa gari unapovutia pumzi. Ni sawa na kumfunga beki wa pembeni kitambaa puani halafu umwambie apande na kushuka dakika 90.

Bendera peke yake inaweza kulipandisha joto gari lenye rejeta dhaifu, hasa likiwa na mzigo wa watu saba na kiyoyozi. Ifungwe juu ya paa au ishikwe dirishani, timu haitakasirika. Na ikishatolewa, macho yaende kwenye mapezi yenyewe: vumbi la barabara, wadudu, majani, tope lililokauka kati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta. Uchafu huo hauonekani kwa mbele, unakaa katikati. Maji ya bomba yanayopitishwa taratibu kutokea upande wa injini yanautoa. Mashine ya presha ikisogezwa karibu sana inalaza mapezi, na hapo mtu amejiongezea tatizo.

MAPUMZIKO YA MAJI

Sasa kuna suala la kusubiri, na hapa ndipo mashabiki wanapoungua. Kuungua kweli, sio kwa matokeo.

Maji kwenye rejeta hayachemki kwa nyuzi 100 kama ya kwenye sufuria. Mfuniko wa rejeta una springi inayobana presha. Mifuniko mingi ya magari ya Japani imeandikwa 0.9 au 1.1 juu yake, na kwa presha hiyo maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Mtu akifungua mfuniko injini ikiwa ya moto, presha inaondoka kwa mkupuo, na maji ambayo sekunde moja nyuma yalikuwa yametulia yanageuka mvuke na kuruka usoni, kifuani, mikononi. Kitambaa hakizuii. Haraka ya mpira haizuii. Ni kusubiri nusu saa au zaidi, mpaka hosipaipu ya juu ishikike kwa kiganja bila kuchoma na ikiminywa iwe laini.

Kumwagia injini maji ya baridi ili ipoe haraka nako ni kujitafutia. Silinda hedi ya aluminiamu iliyozidi joto ikipigwa na maji ya baridi inaweza kupinda au kupasuka. Maji yanaongezwa gari likishapoa, kidogo kidogo.

Nusu saa hiyo inaonekana ndefu kwa mtu mwenye tiketi mfukoni. Lakini Louis van Gaal alihitaji muda mfupi zaidi. Kombe la Dunia 2014 kule Fortaleza, Brazil, Juni 29, Uholanzi walikuwa nyuma 1-0 dhidi ya Mexico kwenye joto la kutisha, refa akasimamisha mpira wachezaji wanywe maji kipindi cha pili. Wengine walikunywa maji tu. Van Gaal alitumia mapumziko hayo kubadili mfumo. Wesley Sneijder akasawazisha dakika ya 88, Klaas-Jan Huntelaar akamaliza kwa penalti dakika za nyongeza. Kupoa peke yake kusingewasaidia kitu, kama ambavyo gari lililopozwa kwa ndoo tatu za maji halijatengenezwa. Litachemsha tena Kibamba au Mbezi.

MSHALE USIKUDANGANYE

Wakati Spacio inapoa, kuna mengine kwenye foleni ya fundi.

Kuna dereva anayelalamika kuwa mshale wake ulikuwa katikati safari nzima, halafu ukapaa kwa dakika mbili. Hakuna uchawi. Kwenye magari mengi mshale umetengenezwa ukae pale katikati hata joto likipanda na kushuka kwa kiasi fulani, dereva asisumbuke. Ukianza kuhama, mambo yameshaharibika muda. Shabiki wa Simba anaijua hali hiyo tangu Novemba 5, 2023: mapumziko 1-1, kila kitu kinaonekana kipo katikati, kipindi cha pili yakaingia manne na ubao ukasoma 5-1. Na wa Yanga wasicheke sana, ile 5-0 ya Mei 6, 2012 haijasahaulika Msimbazi.

Mbaya zaidi ni mshale unaoshuka. Maji yakiisha kabisa, kile kihisio kinabaki kwenye hewa na mvuke, kinaweza kusoma chini wakati injini inaungua. Dereva anaona temperecha imerudi, anakanyaga mafuta, anasonga. Anayeona mshale umepanda sana kisha ukaanguka ghafla bila sababu, asimame hapo hapo. Gari ndogo nyingi za sasa, Vitz na Passo zikiwemo, hazina mshale wenyewe. Zina taa ya bluu injini ikiwa ya baridi na nyekundu ikizidi joto, katikati hakuna salamu. Nyekundu ikiwaka, mazungumzo yamekwisha, zima gari pembeni.

KUIFUKUZA THEMOSTATI

Halafu kuna ubishi mkubwa wa gereji za Tanzania, wa themostati. Hiki ni kifaa kidogo kama kifuniko cha soda kilichonona, kinachokaa kwenye njia ya maji. Injini ikiwa ya baridi kinafunga maji yasiende kwenye rejeta ili injini ipate moto haraka. Ikifika joto lake, mara nyingi nyuzi 82 au 88 zilizogongwa mwilini mwake, kinafungua. Kikikwama kimefunga, maji hayaendi rejeta na gari linachemsha hata likiwa na kila kitu kipya.

Dalili inashikika kwa mkono, kwa tahadhari: injini imepata moto, hosipaipu ya juu inachoma, ya chini na sehemu ya chini ya rejeta bado za baridi. Maji hayazunguki. Inaweza kuwa themostati, inaweza kuwa rejeta imeziba ndani, inaweza kuwa pampu imekula mapanga. Kuipima themostati hakuhitaji kompyuta. Inafunguliwa, inaning'inizwa kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, maji yanachemshwa. Isipofunguka mpaka maji yanatokota, imekufa, inanunuliwa nyingine.

Tatizo ni kwamba mafundi wengi hawapimi wala hawanunui. Wanaing'oa na kuitupa, kwa hoja kwamba hii nchi ni ya joto, themostati ni za Wazungu na Wajapani wenye barafu. Hoja hiyo ni tamu lakini haina miguu. Injini bila themostati inachelewa kupata moto, inakula mafuta zaidi na oili inachafuka mapema. Na kwenye injini nyingi za Toyota themostati ina kazi ya pili: ikifunguka inafunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita rejeta kabisa. Yaani mtu ametoa kifaa ili gari lipoe, akalifanya lichemshe kirahisi zaidi kwenye mlima wa Kitonga au Sekenke. Ni kama timu iliyomuuza kiungo mkabaji kwa sababu hafungi mabao.

KESI NZITO

Kesi ambayo hakuna fundi anapenda kumwambia mteja siku ya mechi ni ya hedi gasketi. Hiyo ndiyo inayotenganisha njia ya moto, ya maji na ya oili kati ya bloku na silinda hedi. Ikiungua, moto wa ndani ya silinda unaingia kwenye maji, au maji yanaingia ndani.

Ushahidi wake uko wa aina kadhaa na si lazima wote uonekane. Maji yanapungua kila siku lakini chini ya gari pakavu. Asubuhi injini inawaka kwa kuchechemea, kisha inatulia. Eksozi inatoa moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikishapata moto. Kifuniko cha oili kikifunguliwa, chini yake kuna uji wa rangi ya chai ya maziwa. Na kipimo ambacho wengi wanakitumia: gari likiwa la baridi, mfuniko wa rejeta unatolewa, rejeta inajazwa mpaka mdomoni, injini inawashwa. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa tu. Yakiendelea bila kukoma, na yakiongezeka injini ikipewa mafuta, hiyo ni hewa ya silinda. Hosipaipu kuwa ngumu kama jiwe dakika moja tu baada ya kuwasha gari la baridi inasema hivyo hivyo.

Gari la namna hiyo haliendi Kwa Mkapa siku hiyo, na anayesema liongezewe maji liende hivyo hivyo anamtakia mwenye gari hasara. Hedi ikishapinda inapelekwa kwenye mashine kusawazishwa, na kuna wakati haifai tena. Wengi wamefika hapo kwa sababu ya tatizo dogo waliloliendesha kwa kilomita 40 ili wasikose bao la kwanza. Gharama ya relei au mfuniko wa rejeta ikapanda ikawa gharama ya injini.

Mengine ni ya kupita haraka. Mfuniko wa rejeta wenye mpira uliochoka unashindwa kubana presha, maji yanamwagika kupitia kidumu cha akiba. Mkanda unaozungusha pampu ukilegea, pampu inazunguka kwa kusuasua. Pampu yenyewe ikivuja huacha alama ya maji yaliyokauka chini yake. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo watu wanajaza miaka nenda rudi badala ya kulanti, huacha ukoko ndani ya rejeta kama ule wa ndani ya birika, na hapo ndipo lilipo jibu la gari nyingi zinazochemsha kwenye mwendo. Yai, unga na dawa nyingine za jikoni za kuziba tundu la rejeta zinaziba kweli. Zinaziba na njia zisizotakiwa.

RELEI YA HONI

Saa 9 na dakika kadhaa, Spacio imepoa. Mfuniko unafunguliwa, maji yamepungua lakini hayajaisha. Yanaongezwa. Injini inawashwa, mfuniko ukiwa wazi. Mapovu machache, kisha kimya. Oili ni safi. Watu saba wanashusha pumzi bila kujua walikuwa wameibana.

Kiyoyozi kinawashwa. Kwenye gari hili feni inatakiwa izunguke mara moja. Haizunguki. Fyuzi inatolewa, iko nzima. Waya wa feni unachomolewa, feni inapewa moto moja kwa moja kutoka betri: inazunguka kwa nguvu. Basi feni ni nzima, na aliyekuwa anapendekeza ikanunuliwe nyingine ananyamaza. Kinachobaki ni anayetoa amri. Fundi anaweka kidole juu ya relei ya feni, kiyoyozi kinawashwa na kuzimwa. Relei nzima hutoa mlio mdogo wa kubofya. Hii haitoi.

Duka la spea lipo, lakini relei ya aina hiyo siku hiyo haipo. Fundi anaangalia kwenye boksi, anaona nyingine yenye namba zile zile na miguu ile ile. Ni ya honi. Anaichomoa, anaichomeka kwenye nafasi ya feni. Feni inavuma.

Dereva anaambiwa mambo matatu: bendera isirudi kwenye grili, relei inunuliwe Dar kabla ya safari ya kurudi maana gari bila honi ni kosa na trafiki hawaangalii jezi, na foleni ya kwanza atakayokutana nayo asimame aangalie mshale kabla ya kuangalia saa. Mbele kuna njia nane kutoka Kibaha mpaka Kimara, upepo upo wa kutosha.

Zimebaki kama saa mbili mpira uanze. Spacio inaingia barabarani, bodaboda inakatiza mbele yake. Dereva anabonyeza honi kwa mazoea, kimya. Kutoka kiti cha nyuma vuvuzela linatolewa dirishani na kupulizwa kwa nguvu zote, na bodaboda inapisha.